Sanduku Chini ya Miguu: Historia Ndefu ya Dem Mrefu na Chali Mfupi

Nilikuwa kidato cha pili nilipopokonywa harusi yangu ya kwanza.

Tulikuwa tunafanya mazoezi ya mchezo wa tamasha la drama, na mimi ndiye nilikuwa bibi harusi. Nilikuwa nimeshika maneno yangu yote, na ya wenzangu pia. Siku ya nne ticha akatusimamisha mimi na bwana harusi bega kwa bega. Ukweli ni kwamba ilikuwa bega langu kwa sikio lake. Ticha akarudi nyuma hatua tatu, akakunja mikono, akatuangalia vile fundi huangalia mlango uliokataa kufunga. Kisha akasema, "Hapana. Watu watacheka." Kesho yake bibi harusi alikuwa msichana mwingine, na mimi nikapewa kuwa polisi. Polisi mwenyewe hakuwa hata na jina. Alikuwa na mstari mmoja tu: "Simama hapo hapo!"

Leo nina futi tano na inchi kumi, yaani sentimita 178, na bado nikipigwa picha na chali mfupi huwa nainama kidogo bila kujua. Goti moja linajikunja lenyewe. Miaka mingi nilidhani ticha alikuwa anafuata sheria ya dunia: mwanaume juu, mwanamke chini, hivyo ndivyo mapenzi yanakaa, na ukienda kinyume inakuwa vichekesho.

Halafu nikaanza kuchimba. Nilitaka kujua hadithi za mapenzi, za vitabu, za stejini na za muvi, zimekuwa zikifanya nini na kimo cha wapenzi tangu zamani. Nilichopata kimenishangaza, na kimenikasirisha pia. Hiyo sheria haikuwa na nguvu hivyo siku zote. Na pale ilipopata nguvu kuliko mahali pengine popote, ilijengwa kwa mbao, misumari na jembe. Sikutanii, jembe kabisa. Tutafika.

Kwanza niwatulize wale wenye wameanza kuchapa jibu. Ndiyo, kwa wastani wanaume ni warefu kuliko wanawake, hilo halina ubishi. Na kama wewe unapenda mwanaume wa futi sita na zaidi, penda, hakuna polisi atakukamata (hata mimi nilishaacha hiyo kazi). Lakini wastani ni wastani tu. Simama pale stendi ya matatu dakika kumi na utaona wapenzi wa kila aina wakipita, wakiwemo dem mrefu na chali mfupi wameshikana mikono, wanabishana kuhusu nauli kama watu wengine wote. Mtaani wapo. Swali langu ni kwa nini kwa hadithi hawapo, au wakiwepo ni wa kuchekwa. Nani aliwatoa?

Tuanze nyumbani: Fumo Liyongo

Kuna watu hupenda kusema mambo haya yote ya "mrefu" yaliletwa na wazungu. Si kweli. Sisi pia tumependa urefu kitambo.

Kila mtu aliyesoma mighani shuleni anamkumbuka Fumo Liyongo, lile jitu la pwani ya kaskazini, shujaa na mshairi, aliyeogopwa mpaka na mtawala wa Pate. Toleo linalojulikana zaidi ni utendi ulioandikwa mwaka 1913 na Muhammad Kijumwa wa Lamu. Wengi tunakumbuka mwisho tu: mtoto wake mwenyewe, sindano ya shaba, kitovu. Lakini umewahi kujiuliza huyo mtoto alitoka wapi?

Alitoka kwa kimo. Utendi unasimulia kwamba Wagala (ndivyo unavyowaita, ingawa wenyewe leo wanajiita Waoromo) walipomwona Liyongo waliingiwa na hofu kwa vile alivyokuwa. Wakatamani kupata mbegu yake, ili na wao wazaliwe mtu kama yule. Kwa hiyo akapewa mke kwao. Ndoa yenyewe ni mipango ya kuchukua urefu na nguvu za mtu na kuzipanda kwingine. Na mtoto aliyezaliwa ndiye baadaye aliyetumiwa kumuua baba yake.

Kwa hiyo sifa ya urefu ipo kwetu, tena na hatari yake ndani. Lakini angalia kitu kimoja. Kwa hadithi ile, urefu ni mali ya Liyongo mwenyewe. Hakuna mtu anamsimamisha mke wake kando yake apimwe kama anafika begani. Kimo ni ukubwa wa mtu mmoja, hakijawa hesabu ya kutoa kati ya watu wawili. Nataka ushike hiyo tofauti, kwa sababu huko mbele ndiko mambo yanaharibikia.

Shakespeare aliandikia miili aliyokuwa nayo

Sasa twende Uingereza, miaka ya 1590. Wanawake hawaruhusiwi kuigiza kwenye majumba ya michezo ya London, na wataendelea kukatazwa hivyo mpaka 1660. Majukumu ya wanawake yanachezwa na wavulana. Na wavulana, kama tunavyojua kutoka darasa lolote la kidato cha kwanza, hawalingani. Mmoja ameshaota kama mwanzi, mwenzake bado anasubiri.

Shakespeare alifanya nini na hiyo shida? Aliiandika ndani ya mchezo.

Kwa *A Midsummer Night's Dream*, ulioandikwa karibu mwaka 1595, kuna wasichana wawili, Hermia na Helena. Hermia ni mfupi, Helena ni mrefu. Kwa sababu ya dawa ya maua iliyopakwa machoni pa mtu asiyefaa, mpenzi wa Hermia anaamka akimpenda Helena. Hermia anachanganyikiwa, na akitafuta sababu anafikia moja tu: huyu amemchukua kwa urefu wake! Amejipima na mimi! Hapo vita vinaanza. Hermia yuko tayari kumrarua mwenzake macho kwa kucha. Mpenzi wake wa jana anamwita kila jina la kitu kidogo. Helena anasema yeye si wa kupigana, lakini ana miguu mirefu ya kukimbilia, na anaitumia.

Je, ni vichekesho? Sana. Lakini ona mrefu ni nani na mfupi ni nani. Kwa huo mchezo wote wawili wanapendwa, na wote wawili wanaolewa mwisho. Urefu wa Helena haumnyimi harusi. Hermia anauona kama silaha, kitu cha kuonea wivu.

Karibu 1599 akaandika *As You Like It*. Rosalind na binamu yake Celia wanatoroka kwenda msituni na mmoja wao lazima avae kama mwanaume kwa usalama. Nani? Rosalind, kwa sababu yeye ndiye mrefu kupita kawaida. Na huyo Rosalind mrefu si polisi asiye na jina. Ndiye mhusika mkuu, ndiye mwenye akili kuliko kila mtu kwenye ule msitu, na ndiye anampata anayempenda. Urefu wake ndio unafungua hadithi nzima.

Lakini ninayempenda kuliko wote ni Cleopatra, kwa *Antony and Cleopatra*, mchezo wa karibu 1606. Antony ameenda Roma na ameoa Octavia kwa sababu za siasa. Cleopatra yuko Misri, moyo unawaka, anamhoji mjumbe kuhusu huyo mwanamke mwingine. Na swali analoanza nalo kuhusu umbo lake ni hili: je, ni mrefu kama mimi? Mjumbe anajibu hapana. Cleopatra anapumua. Anafurahi kabisa, anaanza kumwita mwenzake kafupi kasiko na lolote.

Hebu soma hiyo tena polepole. Malkia mwenye wivu anaombea mpinzani wake awe *mfupi*. Miaka mia nne baadaye mimi nilikuwa nyuma ya jukwaa na kofia ya polisi, nikiomba nipungue inchi tatu.

Wataalamu wengi wa Shakespeare wanaamini kwamba wakati alipoandika Hermia na Helena kundi lake lilikuwa na mvulana mrefu na mvulana mfupi wa kucheza wasichana, na yeye akawaandikia kulingana na walivyo. Hilo ndilo jambo. Alikuwa na tofauti mbele yake na akaigeuza kuwa stori. Hakumwambia yeyote ainame.

Msichana mdogo, mwanaume mkubwa

Karne ya 19 hali inaanza kubadilika, lakini pole pole. Kwa *Jane Eyre* ya mwaka 1847, Charlotte Brontë, ambaye mwenyewe alikuwa mwanamke wa umbo dogo sana, alimpa nafasi ya kwanza msichana mdogo asiye na sura wala mali. Hiyo ilikuwa ujasiri wakati huo. Mpinzani wake, Blanche Ingram, ni mrefu, mrembo na mwenye maringo. Hata hivyo Rochester, mwanaume anayegombaniwa, haelezwi kama mrefu. Ni wa kimo cha kati, kifua kipana, sura ngumu. Angepeleka maombi kwa dating ap ya leo angerudishwa mlangoni.

Lakini unaona kitu kimeanza kujipanga: mwili mdogo wa mwanamke unasomwa kama moyo safi, mwili mrefu unasomwa kama kiburi. Mwaka 1919 E. M. Hull akatoa *The Sheik*, riwaya ya jangwani yenye bwana mwenye nguvu anayemteka msichana, na mwaka 1921 ikawa filamu ya Rudolph Valentino iliyotikisa dunia. Kampuni ya Mills & Boon ilikuwa imeshaanzishwa tangu 1908, na baadaye ikageuka kiwanda cha mapenzi. Zile riwaya zake ndizo mama zetu na shangazi zetu walisoma chini ya dawati, na bado ziko pale vibandani mwa vitabu vya mitumba, jalada limechanika. Fungua chache tu na utamjua bwana: mrefu, mweusi wa nywele, taya la chuma. Msichana anamfika kifuani. Kila mara kifuani. Nadhani huyo msichana hajawahi kuona uso wa mwanaume bila kuumwa na shingo.

Halafu ikaja kamera

Sasa hapa ndipo mafundi seremala wanaingia.

Stejini unaona mwili mzima kutoka mbali. Huwezi kudanganya sana. Lakini kamera inakata. Inakuonyesha kichwa na mabega, na chini ya hapo inaweza kuwa chochote: kiti, ngazi, sanduku. Watu wa filamu Marekani wana sanduku dogo la mbao ambalo wanaliita sanduku la matofaa, na kazi yake moja ni kuinua mtu. Nyota mmoja wa enzi za filamu bubu, Sessue Hayakawa, Mjapani aliyepata umaarufu mkubwa Hollywood baada ya *The Cheat* ya mwaka 1915, hakuwa mrefu. Mafundi wakaligeuza jina lake kuwa kitenzi. Ukitaka mwigizaji apandishwe juu ya sanduku unasema "m-sessue". Fikiria umeifanyia Hollywood kazi miaka yote hiyo, na jina lako linabaki kuwa stuli.

Ile *Casablanca* ya mwaka 1942, ambayo kila orodha ya filamu za mapenzi huiweka juu, ina Humphrey Bogart na Ingrid Bergman. Bogart alikuwa na karibu sentimita 173, Bergman karibu 175. Tofauti ni sentimita 2, upana wa kidole! Lakini upana wa kidole ulionekana hatari mno. Bogart alivalishwa viatu vya soli zilizoinuliwa, na wakikaa, aliwekewa mto chini. Ukiitazama leo unaona mwanaume anamwangalia mpenzi wake kutoka juu. Kumbe unaangalia mto.

Mwigizaji aliyeteseka zaidi nadhani ni Alan Ladd. Alikuwa nyota kweli kweli, yule wa *Shane* ya 1953, lakini kimo chake kilikuwa karibu sentimita 168. Studio yake ilitumia njia mbili. Ya kwanza: mtafutie mwanamke mfupi zaidi. Ndiyo maana alipangwa mara nyingi na Veronica Lake, ambaye alikuwa karibu sentimita 150 tu. Walianza na *This Gun for Hire* mwaka 1942, wakafuatisha *The Glass Key* mwaka huo huo, na wakaendelea kuwekwa pamoja mpaka *Saigon* ya 1948. Watazamaji walidhani ni kemia. Ilikuwa kipimo cha mkanda wa fundi nguo.

Njia ya pili ndiyo ile niliyokuahidi. Mwaka 1957 ilitoka *Boy on a Dolphin*, iliyopigwa Ugiriki, Ladd akiwa na Sophia Loren. Loren ana karibu sentimita 174. Kuna sehemu ambapo wanatembea pamoja ufukweni. Sanduku huwezi kutembea nalo. Kwa hiyo walichimba mtaro kwenye mchanga, na Sophia Loren, mmoja wa wanawake warembo zaidi waliowahi kusimama mbele ya kamera, akatembea ndani ya mtaro ili aonekane mfupi kando ya mpenzi wake wa hadithi.

Manze, mtaro! Shakespeare alipokuwa na mvulana mrefu alibadilisha hadithi. Hollywood walipokuwa na mwanamke mrefu walibadilisha ardhi.

Na usidhani Ladd ndiye alishinda hapo. Mara nyingi tunasimulia hii stori kama wanaume wafupi walikuwa wanajipendelea. Mimi siioni hivyo. Yule jamaa alikuwa anaamka kila asubuhi kwenda kazini mahali ambapo kundi zima la watu wenye majembe limeajiriwa kuficha mwili wake. Kama wewe ni nyota na bado wanakuficha, ujumbe gani unampata kijana wa kawaida pale kwenye viti vya nyuma?

Kwa sababu hilo ndilo tatizo la sanduku lisiloonekana. Ukilificha vizuri, mtazamaji hajui lipo. Anatoka ukumbini akiamini ameona dunia ilivyo. Anaenda nyumbani kujipima na mto wa Bogart.

Hata stempu

Mwaka 1981 Prince Charles alimwoa Diana, na dunia nzima ikakaa mbele ya televisheni. Diana alikuwa na kimo changu hasa, sentimita 178, na Charles alikuwa karibu sawa na yeye. Sasa tafuta picha ya stempu ambazo posta ya Uingereza ilitoa kwa ajili ya ile harusi. Charles amempita Diana karibu kichwa kizima! Na siku ya harusi yenyewe, bibi harusi alivaa viatu vya kisigino kifupi.

Utasema hiyo si hadithi ya kubuni, ni watu wa kweli. Kabisa. Ndiyo maana nimeiweka. Kufikia hapo sheria ya muvi ilikuwa imetoka nje ya muvi, na watu wa kweli ndio walikuwa wanarekebishwa wafanane na wahusika.

Japani inasema jina la ugonjwa

Tuvuke bahari. Japani ya miaka ya 1980, pesa zilipokuwa zinamwagika, kulikuwa na msemo maarufu kuhusu mume bora: awe na vitu vitatu vya "juu", yaani elimu ya juu, mshahara wa juu, na kimo cha juu. Mbili za kwanza unaweza kuzitafuta kwa jasho. Ya tatu utaitafuta wapi?

Kwenye nchi hiyo hiyo, mwaka 2001, Aya Nakahara akaanza kuchora manga inayoitwa *Lovely Complex*. Kama ni mpenzi wa anime na hujaiona ile ya 2007, vipindi 24, hiyo ndiyo kazi yako ya wikendi. Risa Koizumi ana sentimita 172, anasoma sekondari upande wa Osaka. Atsushi Otani ana 156. Wanabishana kila siku, na mwalimu wao anawaita kwa jina la wachekeshaji wawili maarufu wa Japani, mmoja mrefu na mmoja mfupi. Yaani darasa zima limeshaamua: hawa ni vichekesho. Unamkumbuka ticha wangu?

Ujanja wa ile hadithi ni kwamba hakuna sanduku. Kila picha unaona pengo lote, sentimita 16 nzima, halifichwi. Na Risa anapogundua anampenda Otani, shida kubwa haiwi watu. Shida ni kwamba wote wawili wamecheka pamoja na darasa kwa muda mrefu mpaka wamesahau kwamba wanaweza kupendana. Anapomwambia ukweli mara ya kwanza, Otani anadhani ni mzaha. Hapo nilisimamisha video nikatembea kidogo sebuleni. Maana nimeishi hapo. Unakuwa "rafiki mrefu wa kuchekesha", unazoea, unaanza kujitania wewe kwanza kabla wengine hawajaanza, na siku moja ukisema kitu kwa moyo wote, mtu anacheka kwa sababu wewe ndiye ulimfundisha kucheka.

Ile manga iliendelea mpaka 2006, na mwaka 2004 ilipata tuzo ya manga ya Shogakukan. Kumbe wasomaji walikuwa wameisubiri.

Kreti inatoka nje

Septemba 2019 Netflix ilitoa *Tall Girl*. Jodi ana futi sita na inchi moja na nusu, na anadhani maisha yake yameisha. Watu waliichana sana ile muvi, na kwa haki: ukimsikiliza Jodi unaweza kudhani urefu ndio janga kubwa kuliko yote yaliyowahi kumpata binadamu. Mpango wa kwanza wa hadithi pia ni mvivu. Analetewa chali wa Sweden, mrefu, blondi, kama suluhisho lililofika na ndege.

Lakini kuna rafiki yake mfupi, Dunkleman, anayetembea kila mahali amebeba kreti. Muvi nzima hujui kwa nini. Mwishoni anamwambia: ni kwa ajili ya siku atakayopata nafasi ya kumbusu. Anaiweka chini, anapanda.

Wenzangu walicheka. Mimi niliganda, kwa sababu ile ni ile ile! Ni sanduku la Hayakawa, ni mto wa Bogart. Limefichwa chini ya skrini miaka mia moja, na sasa chali amelibeba mkononi mchana kweupe na kusema ndiyo, ni langu, na ni kwa ajili yako. Bado inaniudhi kidogo kwamba lazima wasawazishwe ndipo wabusiane. Lakini kati ya sanduku la siri na sanduku la wazi, nachukua la wazi.

Halafu Desemba 2021 ikaja *Spider-Man: No Way Home*. Zendaya ni mrefu kuliko Tom Holland kwa sentimita kadhaa. Kwenye kipindi cha The Graham Norton Show walisimulia walivyopata shida kupiga sehemu fulani: Spider-Man anatua akiwa amembeba MJ, lakini kwa vile dem ndiye mrefu na wamefungwa waya pamoja, miguu yake yeye ndiyo inagusa chini kwanza. Shujaa wa dunia bado ananing'inia. Wakalitafutia njia, wakaendelea na kazi. Na kwenye filamu yenyewe unawaona wakisimama pamoja, yeye juu kidogo, chali chini kidogo, hakuna mtu anasema chochote kuhusu hilo, na New York haianguki. Inaanguka kwa sababu zingine.

Hicho ndicho ninachotaka. Sitaki kila hadithi iwe kuhusu dem mrefu anayelia chooni. Nataka atokee tu, apendwe, hadithi iendelee.

Sasa ile harusi yangu

Desemba iliyopita nilihudhuria harusi ya rafiki yetu wa shule, harusi ya kweli, ya pilau na mvua. Nikakalishwa meza moja na yule bwana harusi wangu wa kidato cha pili. Bado ananifika sikioni. Tukachapa stori, tukafika kwa ile drama, nami nikamwambia kwa utani kwamba bado sijawasamehe kwa kunipa upolisi.

Akanyamaza kidogo. Akasema, "Wewe ulipewa polisi. Mimi nilijaziwa gazeti kwenye viatu."

Sikujua. Kumbe hata yule bibi harusi mpya alimzidi kidogo, upana wa kidole, kama Bergman. Ticha akakunja gazeti akamwekea kisiginoni, kila mazoezi, kila onyesho, mpaka kaunti. Vidole vilikuwa vinauma mpaka akawa hasikii maneno yake mwenyewe. Na hakumwambia mtu, kwa sababu chali atasemaje kitu kama hicho? Miaka hiyo yote nilikuwa nimembeba moyoni kama aliyebaki na nafasi na mimi nikaondolewa. Sote wawili tulikuwa kwenye ule mtaro.

Nikamuuliza kama watu walicheka, kwa sababu hilo ndilo ticha aliogopa.

"Walicheka," akasema. "Gazeti lilitokea kwa kiatu wakati wa kiapo."

Baadaye mpiga picha akapita mezani kwetu. Nikasikia goti langu likianza kujikunja, nikalinyoosha. Yeye naye alikuwa ameanza kusimama kwa vidole, nikamkanyaga mguu polepole, akashuka. Picha iko kwa simu yangu. Mimi juu, yeye kwa sikio, wote tumecheka na macho yamefungwa.

Kama kuna hadithi ya kwetu, riwaya, tamthilia, filamu au hata katuni, yenye wapenzi wa namna hii bila sanduku, niletee jina. Na kama haipo, na wewe unaandika, si uandike basi.